Kijana wa Upepo na Mama wa Vitumbua

Mara nyingi wazazi na walimu wenzetu hutuuliza ni kitabu gani kifaacho kusomewa watoto, kitabu cha Mwafrika aliyeinuka katika dhiki akatenda jambo la maana. Vitabu vya namna hiyo si haba siku hizi, na vingi twavijua kabla ya kuvifungua: mwanzoni mtoto ni fukara, katikati achekwa na jirani, mwishoni apanda ndege. Ukisha kusoma vitatu umevisoma vyote. Lakini kimoja tumekirudia mara tatu, na mara ya tatu tulikisoma kwa sauti mbele ya watoto wa Darasa la Saba, tukikifasiri kutoka Kiingereza kadiri tulivyoweza. Jina lake ni The Boy Who Harnessed the Wind, maana yake Kijana Aliyeutia Upepo Lijamu. Kilitungwa na William Kamkwamba wa Malawi pamoja na Bryan Mealer, mwandishi wa Marekani, kikapigwa chapa mwaka 2009. Mwaka 2019 ikatoka sinema yenye jina lilo hilo, nayo tumeitazama. Twapenda kusema tuonavyo kwa habari ya kitabu, na kwa habari ya sinema, na zaidi kwa habari ya jinsi hadithi hii inavyotumiwa na watu watakao kututia moyo.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajakiona kitabu, mambo yenyewe ni haya. Kamkwamba alizaliwa mwaka 1987, akakulia katika kijiji cha Masitala karibu na Wimbe, wilaya ya Kasungu, kwa wakulima wa mahindi na tumbaku. Mavuno ya mwaka 2001 yaliharibika, na mwanzoni mwa 2002 nchi ikaingiwa na njaa kuu. Kijana alikuwa ndiyo kwanza ameanza sekondari katika shule ya Kachokolo. Ada ikakosekana, akarudi nyumbani. Asitake kukaa bure, akaanza kuazima vitabu katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe. Katika kimoja akaona picha ya mitambo ya upepo ifanyayo umeme, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amejenga wa kwake kwa vyuma chakavu, ukawasha taa nyumbani kwa baba yake. Mwaka 2006 gazeti la Malawi liliandika habari zake, na mwaka 2007 akaitwa Arusha kusema mbele ya mkutano wa TED. Alikuwa na miaka 19, wala hakuwa amepata kupanda ndege. Baadaye alisoma Afrika Kusini, kisha katika chuo cha Dartmouth huko Marekani, akahitimu mwaka 2014.

Hivyo ndivyo watu waisimuliavyo barazani, wala hatusemi ni uongo. Lakini msomaji akifunguaye kitabu kwa kuutafuta mtambo wa upepo atangoja sana. Mtambo hausimami mpaka nusu ya kitabu imekwisha kupita. Kabla yake kuna uchawi, kuna mbwa, kuna michezo ya watoto na redio mbovu; kisha kuna njaa, tena njaa ndefu. Watoto wetu walichoka kungoja. Mmoja aliuliza, "Mwalimu, umeme utakuja lini?" Tulitaka kuruka kurasa, na twashukuru kwamba hatukuziruka, kwa kuwa kurasa hizo za kungoja ndizo bora kupita zote.

Kitabu chaanza na hofu. Kamkwamba, angali mdogo, alikula peremende za kutafuna zilizoanguka katika mzigo wa mfanyabiashara. Aliposikia kwamba mwenye mali amekwenda kwa mganga awaloge wezi, alidhani atakufa usiku ule. Baba yake, Trywell, hakumcheka wala hakumchapa. Alimtafuta yule mfanyabiashara akamlipa, mambo yakaisha. Kurasa chache tu, lakini twamjua baba yule tangu hapo, na twajua kijana anatoka katika nyumba ya namna gani. Hakulelewa na jalala la vyuma. Alilelewa na mtu aliyekwenda kwa miguu kulipa deni la mtoto.

Kisha yaja njaa. Hapa Kamkwamba aandika kama mtu aliyehesabu. Aeleza jinsi ghala la akiba la taifa lilivyouzwa kabla ya shida kufika, na jinsi bei ya mahindi ilivyopanda kila wiki. Aeleza jinsi alivyopanga mstari tangu alfajiri kwenye ghala la serikali, watu wakakanyagana, na hata alipofikia mizani akapunjwa. Aeleza watu waliopita njiani wakitafuta kibarua chochote kwa ujira wa pumba, na jinsi hata pumba zilivyopata wachuuzi, wengine wakizichanganya na unga wa mbao. Aeleza jinsi Chifu Wimbe alivyosimama katika mkutano wa Rais kuwaombea watu wake chakula, akapigwa kwa ajili ya maneno yake. Hapana sauti ya kulalamika. Asema alichokiona, kisha aendelea mbele, nasi twabaki nyuma tukikiangalia.

Kuhusu mbwa twataka kukaa kidogo. Jina lake Khamba, mbwa wa kuwinda, naye alimfuata kijana kila mahali. Chakula kilipokwisha mbwa hakupata kitu, akawa mifupa mitupu. Binamu yake, Charity, alimwambia kijana kwamba mnyama huyu anateseka bure. Basi wakamchukua mwituni, wakamfunga penye mti, wakamwacha. Kesho yake wakamkuta amekufa. Mtu mwingine angaliificha habari hii, au angalimpa mbwa kifo cha kishujaa. Kamkwamba haifichi wala haombi tumhurumie. Tulipoisoma darasani kimya kiliingia, na kijana mmoja ambaye hatukupata kumwona akitulia alilaza kichwa juu ya dawati. Kwetu hiki ndicho kipimo cha ukweli wa mwandishi: aliweza kuandika jambo lisilompa sifa.

Sasa tufike kwa mama. Jina lake ni Agnes. Gunia la mwisho lilipokaribia kwisha, wazazi hawakukaa kungoja sufuria ikauke. Mama alichukua sehemu ya unga uliobaki akaupika vitumbua, akakaa sokoni pale Wimbe akaviuza. Kwa fedha aliyopata jioni alinunua unga mwingine. Sehemu ikawa chakula cha usiku, matonge machache kwa kila mtu, na sehemu ikawekwa kwa vitumbua vya kesho. Siku iliyofuata vivyo hivyo, na siku iliyofuata tena. Bei ya unga ikipanda, faida yapungua na tonge lapungua. Lakini gurudumu halikusimama. Wachewa huita vyakula hivyo zitumbuwa, na watoto wetu walipolisikia neno hilo walicheka kwa furaha, maana walilitambua kama mtu atambuavyo shangazi yake katika soko la ugenini. Kadhalika njala, mvula, na mphepo. Hatukuwa na haja ya kuyafasiri.

Tukipiga hesabu kwa haki, vitumbua hivyo ndivyo vilivyoivusha nyumba ya Kamkwamba. Njaa haikukomeshwa na mtambo wa upepo. Ilikomeshwa na mvua na mahindi mabichi ya mwaka 2002, na watu wa nyumba ile waliyakuta mahindi hayo wakiwa hai kwa sababu mama aliweza kuugeuza unga kuwa fedha na fedha kuwa unga, kila siku, pasipo kukosea hesabu hata mara moja. Laiti angalikosea, laiti siku moja angaliwahurumia watoto akawapikia unga wote, biashara ingalikufa, nao nyuma yake. Wasomaji wetu watamkumbuka mjane wa Sarepta na pipa lake la unga. Bibi Agnes hakuwa na nabii nyumbani. Alikuwa na karai na kuni.

Watu husema sana siku hizi juu ya wajasiriamali wa Afrika, na mikutano hufanywa kwa ajili yao. Twauliza: kama kufanya biashara katika shida ni kuanza na kidogo, kukisalimisha kidogo hicho, na kulisha watu kwacho, ni nani katika kitabu hiki apaswaye kuitwa kwa jina hilo kwanza? Kamkwamba mwenyewe hajitangulizi mbele ya mama yake. Amemweka mahali pake, na kurasa zake zipo. Wasomaji ndio huzipita mbio kwenda kuitafuta feni ya trekta.

Na feni ya trekta ni tamu kweli, hatukatai. Sura za kujenga mtambo zaandikwa kwa mkono wa fundi. Kijana aenda katika uwanja wa vyuma vibovu karibu na shule ile ile iliyomrudisha, atoka na feni ya trekta na shokapu. Bomba la plastiki alipasua na kulilainisha kwa moto mpaka likawa mapanga. Vizibo vya chupa vyawa washa za kukazia misumari. Baiskeli mbovu ya baba yake, yenye gurudumu moja, isiyo na usukani, yatoa fremu. Mnara wafanywa kwa miti ya mkaratusi. Watu wapita wakitazama, wasema ameshikwa na wazimu au avuta bangi. Halafu siku yafika, apanda juu ameishika taa ndogo mkononi, upepo wavuma, taa yawaka. Baadaye atengeneza swichi kwa vipande vya ndala na njiti za baiskeli. Na nyaya zilipogusana akaogopa moto katika nyumba ya nyasi, akafanya kwa misumari, waya na sumaku kifaa cha kukata umeme wenyewe. Mwalimu wa sayansi asiyeweza kufundisha kwa sura hizi aache kazi akalime.

Lakini hata hapa kitabu ni kinyofu kuliko sifa zake. Dainamo, ambayo pasipo hiyo hapana umeme, kijana hakuipata jalalani. Walimkuta mtu njiani mwenye baiskeli yenye dainamo, na rafiki yake Gilbert, mwana wa Chifu, akatoa kwacha 200 mfukoni mwake akainunua. Kijana hakuwa na fedha hiyo. Binamu yake Geoffrey alishika upande wa pili wa kila kitu kizito. Fundi wa kuchomelea alifanya kazi ya moto. Bibi Edith Sikelo, mtunza maktaba, alimwazima kitabu na kumwongezea siku, tena na tena, hata kitabu kikakaa kwa kijana kana kwamba ni chake. Na hapo nyuma kabisa kuna baba, ambaye alimpunguzia kazi ya shamba asubuhi kadhaa, jambo ambalo mkulima peke yake ajua thamani yake. Wazee walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kitabu hiki chavitaja vidole vyote kwa majina.

Sasa sinema. Iliandikwa na kusimamiwa na Chiwetel Ejiofor, Mwingereza ambaye wazazi wake ni Wanigeria, naye ndiye aliyecheza nafasi ya Trywell. Nafasi ya William ilipewa Maxwell Simba, kijana wa Kenya, ambaye hajapata kucheza sinema kabla ya hiyo, na nafasi ya Agnes ilipewa Aïssa Maïga. Twasema wazi kwamba ni kazi njema. Picha zilipigwa huko huko Malawi, udongo ni udongo wenyewe, na watu wasema Kichewa kwa kirefu, si neno moja moja la kuungia kama ndimu juu ya pilau. Wacheza ngoma wa Gule Wamkulu watokea kwenye mazishi kwa ukimya unaotisha. Ejiofor amemcheza baba aliyeshindwa kwa namna ambayo wanaume wengi wa kijijini wataitambua, nao hawataipenda: mtu mwema ambaye njaa imemnyang'anya heshima, akawa mkali kwa kuwa hana jingine la kuwapa watoto ila ukali.

Ila sinema imefanya mambo mawili ambayo hatuwezi kuyaacha yapite.

La kwanza, imehamisha saa. Katika sinema, mtambo unajengwa njaa ingalipo. Wasukuma maji kutoka kisimani, shamba lililokauka lanyweshwa, mbegu zaota, kijiji chapona. Twakiri kwamba machozi yalitutoka. Lakini haikuwa hivyo. Mtambo wa kwanza ulisimama baada ya njaa kupita, nao haukuvuta maji hata tone; uliwasha taa nne na redio mbili, na watu wakaja kutia simu zao umeme. Pampu ya maji ilifuata baada ya miaka. Mtu atasema sinema si kitabu cha historia, nasi twajua. Lakini tazama kilichopotea kwa kuihamisha saa ile. Mama amepewa maneno mazito na uso usiosahaulika, lakini vitumbua vyake havikupata mahali vilipopata katika kitabu. Havikuwa na kazi tena, maana kazi ya kuokoa nyumba imepewa mtambo. Baiskeli nayo, ambayo katika kitabu ilikuwa chuma kibovu, imegeuzwa kuwa nzima, mali ya mwisho ya nyumba, ili baba na mwana wagombane juu yake. Hivyo wote waliomsaidia kijana wakawa vizuizi vya kushindwa, na mashine ikawa mkombozi. Ni simulizi nyepesi kuikumbuka kuliko ile ya kweli.

La pili ni dogo kwa wengi, lakini kwetu tulio walimu ni kubwa. Katika sinema maktaba imo ndani ya shule ya sekondari. Asiyelipa ada haingii, hata kijana alazimika kutumia siri ya dada yake na mwalimu aliyempenda apate kupenya. Katika maisha maktaba ile ilikuwa katika shule ya msingi, vitabu vyake vingi vikiwa msaada wa watu wa nje, na mtoto aliyefukuzwa kwa ada aliingia kwa mlango na kutoka na kitabu kwapani. Hakuna aliyemwuliza risiti. Mlango ule uliokuwa wazi ndio chanzo cha yote yaliyofuata. Ulipofungwa katika sinema ili kijana aonekane mjanja, umefutwa msaada mmoja wa pekee ambao kila kijiji chaweza kuuiga pasipo kungoja mtu mwenye akili ya ajabu azaliwe.

Tumesema kwamba twataka kunena pia juu ya matumizi ya hadithi hii. Mwaka jana, katika mahafali ya shule moja tuliyoalikwa, mgeni rasmi aliisimulia mbele ya watoto na wazazi waliokaa juani. Aliisimulia kwa ufasaha, kisha akainua kidole akasema kwamba Kamkwamba hakuwa na ada, hakuwa na chakula, hakuwa na mwalimu, na bado alifaulu. Basi ninyi mna udhuru gani? Wazazi walipiga makofi. Sisi tulimtazama mama mmoja wa mstari wa nyuma ambaye mwanawe alikuwa ameacha shule miezi miwili kabla. Ni kweli kwamba katika shule za serikali za Tanzania ada ya sekondari iliondolewa kuanzia mwaka 2016. Lakini sare haishonwi bure, wala madaftari hayaoti, na mchango wa chakula cha mchana ni fedha. Mama yule hakupiga makofi. Alikuwa amekunja mikono juu ya kanga yake, akitazama chini.

Hadithi ya mshindi ikishikwa vibaya hugeuka fimbo ya kumchapia aliyeshindwa. Walio na wajibu wa kuweka nafaka ghalani wasamehewa, kwa kuwa yuko kijana mmoja aliyetoboa. Kamkwamba hakuiandika hivyo. Yeye mwenyewe asema wazi ghala liliuzwa. Aliwaona wenzake wakitoka darasani siku ile ile aliyotoka yeye. Na tulipofika kwenye ukurasa huo, kijana wetu wa dawati la nyuma, yule wa mbwa, aliinua mkono akauliza swali ambalo hatujalisikia kwa mhakiki yeyote: "Mwalimu, na wale wengine walioacha shule siku ile, wao walijenga nini?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwambia kwamba walilima, wengine waliolewa, wengine wakaenda mjini, wengine labda njaa iliwachukua. Akauliza kama na wao wameandikwa kitabu. Tukasema la. Akakaa.

Kitabu kina kasoro zake, tusije tukadhaniwa tumelogwa nacho. Mkono wa Mealer waonekana mahali pengi, hasa pale mambo yaelezwapo kwa wageni: ugali huliwaje, chifu ni nani, mvua huanza mwezi gani. Msomaji wa kwetu hujiona ameketi nyuma ya mgeni akisikia mambo ya nyumbani kwake yakifafanuliwa. Tena sura za mwisho zakimbia. Tangu wakaguzi wa vitabu vya maktaba walipouona mtambo mwaka 2006, na Daktari Hartford Mchazime akashughulika kumrudisha kijana shuleni, twaingia katika mfululizo wa ndege, hoteli na shukrani. Kuna mambo mema humo: kijana atazama kompyuta kwa mara ya kwanza huko Arusha, aambiwa aandike neno la mtambo wa upepo, na mara picha na maelezo yasiyo na hesabu yamjia mbele ya macho, mambo yote aliyoyatafuta gizani kwa miezi. Twatamani angalikaa zaidi na uchungu wa saa ile. Lakini mwandishi ana watu wengi wa kuwashukuru, basi akapita.

Hata hivyo katika sura hizo hizo za mwisho limo jambo moja ambalo wasimuliaji hulipuuza. Mwaka 2006 mvua ilikatika tena, na watu wa kijiji, ambao walikuwa wakileta simu zao zitiwe umeme, walianza kunong'ona kwamba mtambo ule wenye mapanga ndio ufukuzao mawingu. Kamkwamba hawacheki. Ajua hofu yao yatoka wapi, maana kitabu chake kilianza na hofu ya namna iyo hiyo, juu ya peremende. Mtambo ulisimama imara miaka minne, nao haukuwa umeondoa hofu moyoni mwa jirani. Twapenda sana kwamba alikumbuka kuliandika hilo, ambapo kitabu kingine kingaliishia kwenye makofi.

Basi wazazi waliotuuliza tuwajibu hivi. Kitabu kinunuliwe. Yapo matoleo ya watoto pia, moja la picha la mwaka 2012 na moja lililofupishwa la mwaka 2015, lakini mwalimu awezaye kufasiri na achukue lile refu, kwa sababu ya njaa na kwa sababu ya vitumbua. Sinema na itazamwe baada ya kitabu, si kabla. Na anayewaonyesha watoto awaambie mapema kwamba saa imehamishwa, awaache wao wenyewe waitafute mahali ilipohamishwa. Wetu walipata mahali hapo upesi. Msichana mmoja, ambaye mama yake huuza vitumbua pale stendi, alikuwa wa kwanza. Alisema, "Mbona mama yake hawamwonyeshi akipika?"

Kwa habari ya Bibi Sikelo na mlango wake ulio wazi, yatupasa kukiri jambo. Katika shule yetu vitabu vya ziada hukaa katika kabati la chuma ofisini, na ufunguo wake huning'inia shingoni mwa mmoja wetu, ili visipotee. Vilikuwa havipotei, na pia vilikuwa havisomwi. Vumbi lake lilikuwa nene kama la barabarani. Tangu tulipomaliza kitabu hiki darasani tumeliacha kabati wazi kila Jumatano alasiri, na kila mtoto wa kijiji aruhusiwa kuazima, awe anasoma kwetu au ameacha. Kijana yule wa mahafali, mwana wa mama wa mstari wa nyuma, amekuja mara mbili. Mpaka leo vitabu viwili havijarudi. Kimoja ni cha hesabu. Cha pili ni The Boy Who Harnessed the Wind, nacho kimepita siku zake kwa majuma matano.